Kundi la WhatsApp Halitoshi

Mwandishi mmoja ameshauri kwamba mwalimu wa mtandaoni akishaunda kundi la WhatsApp la wazazi, kazi ya mawasiliano imekwisha. Nampinga. Kundi ni ubao wa matangazo. Ni mzazi gani atauliza pale, mbele ya wenzake wote, kwa nini mwanawe bado hajui kugawanya?

Tuliona kwamba kundi halitoshi shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona. Hapa Loresho, Nairobi, watoto wengi walisoma kwa Zoom. Kwa jirani zetu wa Kangemi, simu ya nyumba mara nyingi ilikuwa moja, nayo ilitoka na mama alfajiri akienda kibaruani, ikarudi usiku bila bando. Mwalimu aliyetuma zoezi kwenye kundi saa nne asubuhi alikuwa akimwandikia nani? Aliyempigia mama huyo jioni, dakika tatu tu, kwa Kiswahili chepesi, alimpata. Hata ujumbe mfupi wa kawaida hufika kwenye kabambe, simu ndogo isiyo na WhatsApp.

Na mwanafunzi? Aitwe kwa jina, ajibiwe siku hiyo hiyo, wala asiaibishwe kwa kuzima kamera. Huenda nyuma yake wamelala wadogo zake.

Walimu, pigeni simu kwanza kabla ya kusema wazazi hawajali.