Mfundishe Mbwa Wako kwa Mchezo

Mwezi huu tuzungumze juu ya mlinzi wetu wa nyumbani, yaani mbwa. Hapa Dodoma mbwa hulinda zizi, hufuatana na watoto machungani, na mjini hulala langoni. Lakini ni wangapi kati yetu tumewahi kumfundisha kitu? Wengi wetu humtupia ugali, na akikosea humtupia jiwe.

Mwaka jana nilipata fundisho. Jirani alifika kwetu na binti yake mdogo. Mtoto alipoinua mkono ili amshike Simba kichwani, mbwa alimng'akia na kumrarua gauni. Tunashukuru meno hayakufika mwilini. Jioni ile mwanangu aliinua mkono kumrushia mpira, na Simba akakunja mkia, akajificha nyuma ya pipa la maji. Ndipo nilipoelewa. Kwa mbwa wetu, mkono ulioinuliwa maana yake ni jiwe. Mbwa mwenye hofu hukimbia, na akikosa pa kukimbilia huuma.

Tulianza upya, kwa mchezo. Nawe unaweza, mama, bila gharama:

1. Funga fundo la khanga kuukuu, kubwa kiasi kwamba hawezi kulimeza. Usitumie jiwe, maana huvunja meno, wala gunzi la mahindi, maana huweza kumkwama tumboni.

2. Anza uani, asubuhi au jioni jua likipungua. Usiinue mkono. Vingirisha fundo chini, hatua tatu tu, ukisema "Lete!"

3. Akilichukua usimkimbize. Chuchumaa, umwite kwa sauti ya upole, "Njoo!"

4. Akifika sema "Acha!" na umpe dagaa mmoja. Akiachia, tupa tena. Upesi atajua kwamba kuachia si kunyang'anywa, bali ndiyo njia ya kuendelea kucheza.

5. Akishazoea, mwambie "Kaa!" kabla ya kutupa. Asipokaa, fundo halitupwi. Hapo hujifunza subira.

6. Siku hadi siku inua mkono kidogo zaidi, mpaka auone bila kuogopa.

Dakika kumi zatosha. Acha mchezo angali anautaka. Watoto washiriki, lakini mtu mzima awepo. Na akichelewa kuitika, kamwe usimpige anapofika, maana atajifunza kwamba kuja kwako ni kupigwa.

Tahadhari moja ya kwetu: usimtuze kwa zabibu, mbichi wala kavu. Tunda hili la sifa ya Dodoma huweza kuharibu figo za mbwa na kumwua.

Kama unadhani mnyama haelewi bila fimbo, fikiri juu ya jirani zetu wa Morogoro. Pale kwenye Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO huwafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Panya akipatia husikia mlio mdogo, kisha hupewa chakula kitamu, kama vile ndizi. Ikiwa panya hufundishika kwa tuzo, je, mbwa?

Mchezo hauchukui nafasi ya chanjo. Mpeleke mbwa kwa bwana mifugo achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa, na chanjo irudiwe kwa wakati wake. Mtu akiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha mkimbize hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo.

Wiki iliyopita binti yule wa jirani aliingia langoni akikimbia, mikono juu. Simba aliinuka. Nikaita, "Simba, njoo! Kaa!" Akaja, akakaa miguuni pangu, akitazama kama nimeshika fundo. Mtoto akalichukua, akalitupa yeye mwenyewe.

Mama, jaribu jioni ya leo. Khanga kuukuu haikosekani nyumbani.