Sauti Zinapopandana

Aghalabu mtoto asiyesikia vyema, akiulizwa na mwalimu wake akajibu lisiloulizwa, huandikiwa katika ripoti ya muhula kwamba hana makini. Nasi tuliotayarisha toleo hili twaona kwamba hukumu hiyo, ijapokuwa hutolewa bila inda, ni dhuluma, maana humtwika mtoto taksiri ya sikio lake na ya chumba alimokalishwa.

Yatazamwe maneno matatu tu: suka, shuka na fuka. Tofauti yake yote i katika konsonanti ya mwanzo, nayo ni mvumo hafifu, mwembamba, ambao kwa watoto wengi ndio upoteao kwanza. Lakini ulimi haungoji kumaliza sauti moja ndipo uanze nyingine: midomo ya mwenye kusema suka huanza kuviringa kwa ajili ya u ingali s haijesha, na u nayo hubeba athari ya s iliyotangulia, hata mtoto hodari, akiwa faraghani na mama yake uso kwa uso, huidaka athari hiyo katika irabu na neno likamjia kamili. Darasani, wenzake wakisoma kwa pamoja na mvua ikipiga bati, irabu zao zenye nguvu huifunika, naye hubaki kubahatisha.

Ndani ya sikio zima mna chembe zenye vinyweleo, na zile za safu za nje ndizo zinazochuja sauti hata kila mahali pakaitikia ya kwake. Zikifa, mahali pamoja huitikia sauti nyingi, na wasemaji wawili huchanganyika kabla habari haijafika ubongoni. Shimesikio, pamoja na hisani yake yote, kazi yake kubwa ni kukuza: humkuzia mtoto mwalimu, na jirani anayenong'ona vilevile.

Mwaka 1953 Mwingereza Colin Cherry aliwasikilizisha watu wenye masikio timamu hotuba mbili zilizosomwa na mtu mmoja. Zilipopandanishwa walitaabika mno kuzifarikisha, na kila moja ilipopelekwa sikio lake, waliifuata waitakayo pasi na mashaka. Ikiwa wazima ndivyo walivyoyategemea masikio yote mawili, seuze mtoto aliyepewa chombo cha sikio moja kwa kubana gharama!

Wataalamu hutaka sauti ya mwalimu iyapite makelele ya chumba kwa desibeli 15. Kuta tupu na sakafu ya saruji, zinazoirudisha kila silabi juu ya ile inayofuata, huuharibu mpango huo. Kipaza sauti kidogo shingoni mwa mwalimu huutengeneza, na pasipo chombo hicho, kumsogeza mtoto kwa nusu ya umbali huongeza, mwangwi ukiwa mchache, takriban desibeli 6.

Walimu watakaotuandikia kwamba darasa lililofurika halina nafasi ya upendeleo kama huo, barua zao tutazichapisha. Ila tutawaomba kwanza watueleze mtoto huyo ameketi wapi.