Mapatano ya Bandari na Haki ya Kushuhudia

Shahidi si yule aliyewahi kuandika. Shahidi ni yule aliyekuwapo, au aliyepokea habari kwa aliyekuwapo akaitunza bila ya kuipamba. Neno hili ni jepesi kulitamka katika ukumbi wa mihadhara, walakini ni zito kulitenda katika chumba cha mtihani. Nimeliona likivunjwa mbele ya macho yangu, na kunyamaza ni kushiriki.

Mwanafunzi mmoja niliyemwongoza, mzaliwa wa Robanda katika wilaya ya Serengeti, aliandika tasnifu juu ya meli za biashara zilizovamiwa katika bandari ya Dar es Salaam mwaka 1914. Alisoma maandishi ya Waingereza na ya Wajerumani, kisha akaongeza ukurasa mmoja wa maneno ya mzee wa kijijini kwao. Mtahini aliukata ukurasa ule kwa wino mwekundu, akaandika pembeni: "Huu si ushahidi." Kurasa za maofisa hakuzigusa. Basi na tuwapime mashahidi wote kwa mizani moja.

Uingereza iliingia vitani na Ujerumani tarehe 4 Agosti 1914. Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885 ulikuwa umefungua mlango wa kuziweka nje ya vita nchi za bonde la Kongo, na kwa mipaka iliyochorwa katika mkataba ule bonde hilo lilifika hata pwani yetu. Mlango huo haukupitwa. Tarehe 8 Agosti manowari ya Kiingereza Astraea iliupiga mizinga mnara wa simu ya upepo wa Dar es Salaam. Wajerumani wakazamisha chelezo chao mlangoni mwa bandari. Kisha wakubwa wa pande mbili wakapatana: mji usipigane wala usipigwe, na meli zilizomo zisiondoke. Hiyo ndiyo bandari iliyoitwa haina upande.

London haikuyakubali mapatano hayo. Tarehe 28 Novemba manowari Fox na Goliath zilifika kutaka meli zikaguliwe, na bendera nyeupe zikapepea mjini. Mashua zilizoingia hazikukagua tu. Ziliharibu mitambo ya König na Feldmarschall, meli za kampuni ya Deutsche Ost-Afrika Linie, na kuchukua mateka. Zilipokuwa zikitoka zikamiminiwa risasi kutoka pwani. Mji ukapigwa mizinga siku ile, na tena tarehe 30.

Waulize mashahidi. Mwingereza asema: tulipigwa chini ya bendera nyeupe. Mjerumani asema: mliruhusiwa kutazama, mkavunja. Kila mmoja anaeleza nusu ya tendo, nayo ni ile nusu aliyotendewa. Nusu aliyotenda yeye haieleze.

Kamanda Henry Peel Ritchie, aliyeongoza mashua zile, alijeruhiwa mara nane, akapewa Msalaba wa Victoria mwaka 1915. Ujasiri wake siupunguzi. Lakini nishani ni shukrani ya mfalme kwa askari wake. Si hukumu ya kadhi baina ya wadai wawili. Wala walioandika sifa za nishani ile London hawakuwamo mashuani. Kwa upande wa pili, Gavana Schnee alitoa kitabu chake mwaka 1919, na Jenerali von Lettow-Vorbeck chake mwaka 1920. Wote wawili walikuwa wamekwisha kushindwa vita, na juu ya mapatano hayo hayo walikuwa wamegombana wao kwa wao: gavana aliyataka, jenerali aliyachukia. Kampuni yao nayo ilikuwa na kinyongo cha zamani, kwani mwaka 1899 meli yake Bundesrath ilikamatwa na Waingereza ikielekea ghuba ya Delagoa, bandari ya Wareno wasiokuwa vitani. Ikapelekwa Durban, na baadaye ikaachiliwa kwa kukosekana magendo ya vita. Hao ndio mashahidi tunaoambiwa ni safi.

Sasa mzee wa Robanda. Nilimfuata mwenyewe, tukaketi si mbali na boma la Wajerumani la Ikoma. Baba yake alitwaliwa kuwa mpagazi, akafika Dar es Salaam baada ya mji kutekwa Septemba 1916. Mzee akaniambia: "Mwalimu, baba alizikuta meli zimelala majini. Akawauliza wenyeji. Wakamjibu kuwa ziliwekwa kwa ahadi, zikauawa kwa ahadi." Kisha akaniuliza: "Wageni wawili wakipatana wasiichome nyumba niliyoijenga mimi, hayo ni mapatano yangu?"

Watasema: habari ya kuambiwa, tena imekosea. Ni kweli imekosea. Mzee adhani meli zote ziliangamia siku moja, hali Tabora, iliyokuwa imefanywa meli ya hospitali, ilizamishwa kwa mizinga Machi 1916. Mwanafunzi wangu aliliona kosa hilo, akalisahihisha kwa heshima. Hiyo ndiyo kazi ya elimu. Ofisa akikosea tarehe tunamwekea maelezo chini ya ukurasa. Mzee akikosea tunamfutia ukurasa wote. Tangu Jan Vansina atoe kitabu chake juu ya mapokeo ya mdomo mwaka 1961, hapana udhuru wa kusema kwamba njia ya kuyapima haijulikani.

Tena swali la mzee lina jambo ambalo maofisa wote wamelikosa. Wao wanabishana nani alivunja ahadi. Yeye auliza ahadi ilikuwa juu ya mali ya nani. Hakuna mwenyeji wa Dar es Salaam aliyeitwa kwenye mapatano, bali mizinga ilipolia iliwalilia wenyeji. Kama kulikuwa na mtu asiyekuwa na upande katika bandari ile, alikuwa mchukuzi, aliyepakia na kupakua kwa amri ya huyu, na baadaye akabebeshwa mizigo ya vita kwa amri ya yule.

Lugha yetu imemshuhudia ingawa chuo chamkataa. Kariakoo, jina litamkwalo kila siku na wauzaji na wanunuzi, ni jina la kikosi cha wapagazi wa Kiingereza kilichopiga kambi pale. Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mjini mwaka 1927, inawataja wapagazi nao. Mji unawakumbuka kwa jiwe na kwa ulimi. Itakuwaje tasnifu ya mtoto wao iwasahau kwa wino?

Simtaki mtahini amwamini mzee kuliko ofisa. Namtaka awashuku sawasawa. Ukurasa ule urudishwe mahali pake, pamoja na kosa lake na sahihisho lake. Usiporudishwa, basi na kurasa za maofisa zikatwe, tubakiwe na jalada tupu. Hapo angalau tutakuwa tumewatendea haki sawa.