Tuchague Neno Lifaalo



Wako wenzetu wasemao kwamba neno "change" latosha kwa kila badiliko katika Kiingereza, na ya kuwa kujifunza "alter", "amend" na "emend" ni kujichosha bure. Mimi siafikiani nao. Ni kweli "change" si kosa mahali pengi. Lakini halielezi kama kitu kimekuwa chema au kibaya, wala kama kimebaki kile kile au kimeondolewa.

Tutazame "alter". Asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya "-ingine". Fundi cherehani apunguzapo suruali kiunoni, Mwingereza hutumia neno hili. Suruali ni ile ile, umbo lake tu limekuwa jingine. "Amend" na "emend" yametoka katika neno moja la Kilatini, maana yake kuondoa kasoro. Kwa hiyo asemaye "amend" aghalabu amekwisha kutoa hukumu: kitu kilikuwa na upungufu, na sasa ni bora zaidi. Neno hilo hutumika sana kwa sheria na katiba. "Emend" ni la maandishi tu, kama mhariri asahihishapo nakala ya kitabu cha kale.

Tofauti hii si mchezo. Mwaka 1992 Bunge la Tanzania lilipitisha Mabadiliko ya Nane ya Katiba, yakaruhusu vyama vingi vya siasa. Katiba ya 1977 ikaendelea kutumika. Hiyo ndiyo "amend". Mwaka 2010 wananchi wa Kenya walipiga kura wakapitisha katiba mpya, na ile ya zamani ikakoma. Hapo "amend" halifai. Neno ni "replace". Atumiaye "change" kwa yote mawili humwacha msomaji gizani.

Muhula huu chama chetu cha mdahalo kitapiga kura juu ya katiba yake, iliyoandikwa kwa Kiingereza. Pendekezo ni kuongeza kifungu kimoja tu, ili ndugu zetu wa Kidato cha Kwanza nao waruhusiwe kusema. Lakini tangazo ubaoni lasema "change the constitution", na wengine wamekwisha kuogopa kwamba katiba nzima itatupwa, hao watakataa. Namwomba katibu aandike "amend". Naye asiyeona kwamba kifungu hicho kitatufaa, asimame siku hiyo aseme sababu zake. Hilo ndilo jambo la kubishania.