Nasaba Mbili, Mtoto Mmoja



Kila ufikapo mwezi wa Desemba, jirani zetu Wakristo husimuliwa kisa kimoja cha kuzaliwa Nabii Isa (A.S.): nyota, Mamajusi, wachungaji na hori la ng'ombe, vyote pamoja. Fungua vitabu vyenyewe usome. Kisa hicho kimoja hakimo katika Injili yoyote. Marko na Yohana hawakuisimulia habari ya uzazi huo. Nyota na Mamajusi ni vya Mathayo, wachungaji na hori ni vya Luka.

Watetezi wao husema: kunyamaza si kupinga, shahidi mmoja aweza kutaja alichokiacha mwenzake. Neno hili ni la haki, nasi twalikubali. Tunalolikataa ni kuambiwa kwamba mashahidi hawa hawakugongana popote.

Tazama nasaba. Mathayo asema baba yake Yusufu ni Yakobo, wa kizazi cha Sulemani mwana wa Daudi. Luka asema ni Heli, wa kizazi cha Nathani mwana wa Daudi. Katika karne ya 3 Julius Africanus alijibu kwamba Heli alikufa bila mtoto, na Yakobo, ndugu yake kwa mama, akamrithi mjane. Basi Yusufu ni mwana wa mmoja kwa damu na wa mwengine kwa sheria. Wengine wakasema nasaba ya Luka ni ya Bibi Maryam. Majibu haya mawili hayawezi kuwa kweli yote, na Luka mwenyewe hakusema hata moja. Tatian, aliyeziunganisha Injili nne kuwa moja karibu na mwaka 170, alizikata nasaba zote mbili. Hayo aliyaandika Askofu Theodoret wa karne ya 5.

Tazama tarehe. Mathayo asema Isa alizaliwa Herode yu hai, na wanahistoria wengi wasema Herode alikufa mwaka wa 4 kabla ya Miladi. Luka ataja sensa ya Kirenio, liwali wa Shamu; Josephus, mwanahistoria wa Kiyahudi, aiweka sensa hiyo baada ya kuuzuliwa Arkelao mwana wa Herode, yaani mwaka wa 6 Miladi. Hapo pana pengo la miaka 9.

Padre Raymond Brown, Mkatoliki wa Marekani, alitoa mwaka 1977 kitabu kikubwa juu ya visa hivi, akakiri kwamba mna mambo ndani yake yasiyopatana. Wala hakuacha dini yake. Ikiwa padre aweza kusema kweli na abaki na imani yake, kwa nini muumini wa kawaida afichwe?

Sasa nawageukia walio wetu. Wako wanaozipokea habari hizi kwa kicheko, wakasema: maadamu wametofautiana, basi kisa kizima ni uzushi. Ewe ndugu, ngoja! Mathayo na Luka wanapatana kwamba Bibi Maryam alichukua mimba pasi na mume kumgusa. Na hilo ndilo lililothibitishwa na Qur'ani Tukufu katika Surat Aal Imran na Surat Maryam. Ukikibomoa kisa kizima kwa ajili ya Heli na Yakobo, waibomoa na itikadi yako. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Qur'ani haikumtaja Yusufu wala sensa. Imetaja uchungu wa mama chini ya mtende, maneno ya watu wake waliomshutumu, na mtoto mchanga aliyesema akamtetea. Anayemcheka mama huyo leo amejiunga na wale waliomshutumu.

Basi mwambie jirani yako palipo na hitilafu, kwa adabu, na kitabu chake mkononi. Kisha mwambie na pale tunapokubaliana.

Wallahu aalam.