Thalberg Hakuwa Mnyenyekevu

Kila ninaposoma habari za Irving Thalberg nakutana na sifa ileile: hakuruhusu jina lake liandikwe kwenye filamu alizozisimamia. Mwezi uliopita semina yetu nzima ya historia ya filamu ilitikisa vichwa kwa heshima, kana kwamba tumetajiwa walii. Mimi nakataa.

Nimpe kwanza haki yake. Alizaliwa Brooklyn mwaka 1899 na moyo mbovu, hakusoma chuo kikuu, akaanza kama katibu wa Carl Laemmle, na akiwa na miaka 20 tayari alikuwa anaendesha studio ya Universal. MGM ilipoundwa mwaka 1924, yeye ndiye aliyekabidhiwa utengenezaji wa filamu. The Big Parade, Grand Hotel, Mutiny on the Bounty: asiyeona kipaji hapo ana lake jambo.

Lakini tazama Greed. Erich von Stroheim alileta mikanda 42. Filamu iliyotoka ilikuwa na 10 hivi. Sawa, hakuna ukumbi ambao ungeonyesha ile ndefu. Ila iliyofika kwa watazamaji ilibeba jina la Stroheim, na aibu ya hadithi iliyokatikakatika ikawa yake. Waliotoa amri ya kukata hawakuonekana popote.

Au Trader Horn. Mwaka 1929 kikosi cha MGM kililetwa Afrika Mashariki na Kongo kurekodi. Edwina Booth, mwigizaji mkuu wa kike, alirudi na maradhi yaliyomharibia kazi, akafungua kesi. Aliishtaki studio. Angemshtaki nani mwingine?

Kinachonikera zaidi ni mwaka 1934. Mwandishi Upton Sinclair aligombea ugavana wa California akiahidi kumaliza umaskini, na wakubwa wa studio wakaogopa kodi. Chini ya Thalberg zikatengenezwa filamu fupi zilizojifanya taarifa za habari: wapinzani wa Sinclair ni watu nadhifu wanaojieleza vizuri, wafuasi wake ni wazururaji. Zikaonyeshwa kwenye majumba ya sinema, kwa watu waliolipia burudani. Sinclair akashindwa. Hapo pia jina la Thalberg halikuwamo, na sijasikia mtu akiita hilo adabu.

Asiyeandikwa haulizwi. Mwandishi aliyeandikwa alikuwa na la kujibu hata pale mswada wake ulipokuwa umepitia mikono ya wenzake watano, maana ndivyo Thalberg alivyofanya kazi: anampa huyu, kisha yule, mara nyingine wawili kwa wakati mmoja bila wao kujua. Na nani atajwe kwenye filamu? Studio ndiyo iliyoamua. Waandishi walipojikusanya katika Screen Writers Guild mwaka 1933, suala hilo la majina lilikuwa moja ya madai yao makubwa. Thalberg, mtu ambaye eti jina halikumshughulisha, aliwapiga vita, na mwaka 1936 chama kingine kilichopendwa na studio, Screen Playwrights, kikaibuka na MGM ikiwa ngome yake.

Alifariki Septemba mwaka huohuo akiwa na miaka 37. Waandishi walipata mamlaka juu ya majina yao miaka mitano baadaye. Thalberg akapewa tuzo ya Academy yenye jina lake, nayo ni sanamu ya kichwa chake.