Kunusa amonia hakumwongezei mtoto nguvu uwanjani

MSIMU wa UMITASHUMTA na UMISSETA ukikaribia, watoto wetu hapa Bariadi, na wenzao wa Maswa, Itilima, Meatu na Busega, hutafuta chochote kitakachowafanya wakimbie kuliko wenzao. Siku hizi wanatafuta kwenye simu. Huko wanawaona wanyanyua vyuma wa Ulaya na Marekani wakifungua kichupa, wakikinusa, wakirusha kichwa nyuma kama waliopigwa kofi, kisha wanabeba chuma kizito huku wakipiga kelele. Mtoto anaamini nguvu imetoka kwenye kichupa.

Kilichomo ni amonia. Wengine huiita chumvi ya kunusa, ingawa haihusiani na chumvi ya mboga. Harufu yake unaijua, mzazi, hata kama jina ni geni kwako: ndiyo ile inayochoma pua na kukutoa machozi ukifungua asubuhi banda la kuku lenye maranda yaliyolowa. Uingereza ya karne ya 19 waliitumia kuwazindua waliozimia. Sisi tuna kitunguu.

Mvuke wake unawasha utando wa ndani ya pua. Mwili unashtuka, pumzi inavutwa kwa ghafla na mapigo ya moyo yanapanda. Aliyenusa anajiona ameamka, na hilo ni kweli, ameamka. Lakini msuli wake haujaongezewa kitu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, wanaume waliozoea mazoezi walipewa uzito wa asilimia 85 ya ule mkubwa wanaoweza kuunyanyua mara moja, wakaurudia hadi kuchoka. Idadi ya marudio haikuongezeka waliponusa amonia.

Usukumani dawa ya mashindano si jambo geni. Bagika na Bagalu wameshindana kwa ngoma miaka mingi, na kila upande ulikuwa na dawa zake za kuvuta watazamaji. Mtu anayeamini ana dawa huingia kifua mbele, na kujiamini si kitu kidogo. Ila kwa mtoto wa shule, kujiamini kunakopitia mvuke unaounguza pua naona ni bei kubwa mno.

Hata Marekani wameanza kusita. Mwaka 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya huko, FDA, ilionya kuhusu bidhaa hizi baada ya kupokea taarifa za watumiaji waliopata shida ya kupumua, kipandauso, kutapika, hata degedege. Agosti 2025, ligi yao ya mpira, NFL, ikazizuia timu kuwagawia wachezaji.

Kinachonitia hofu zaidi ni mtoto aliyegongwa kichwa. Mpira wa juu, vichwa viwili vinagongana, mmoja anaanguka. Watu wanakimbilia na kitunguu, spiriti au chochote chenye harufu kali. Mtoto anafumbua macho, watu wanapiga makofi, anarudishwa uwanjani. Harufu ile imemshtua tu, jeraha la ubongo kama lipo limebaki palepale, na sasa limefichika. Tena akikirusha kichwa nyuma kwa mshtuko wakati shingo imeumia, anaweza kuiumiza zaidi.

Mtoto aliyegongwa kichwa akapoteza fahamu, hata kwa sekunde chache, au akaonekana kuduwaa, asirudi kucheza siku hiyo. Hata kama ni fainali. Muulize mambo mepesi: tunacheza na nani, nani amefunga, tuko kipindi cha kwanza au cha pili. Akibabaika, akalalamika kichwa kuuma au kuona maruweruwe, apelekwe kwa mganga. Akitapika mara kwa mara, akasinzia isivyo kawaida, mboni moja ikawa kubwa kuliko nyingine au akapata degedege, ni hospitali saa hiyohiyo. Akilalamika shingo, msimwinue wala kumgeuza ovyo. Walimu wa michezo wengi wanabeba mzigo huu peke yao, kwa hiyo mzazi uliyepo pembeni una haki ya kusema "mtoaneni".

Kuhusu nguvu yenyewe, jikoni kwako ipo. Michembe na matobolwa ni wanga wa kutosha kwa mkimbiaji, na uji wa karanga saa mbili au tatu kabla ya mechi unatosha kabisa. Maji yawe mengi, jua letu mnalijua. Na usiku wa kuamkia mechi, simu ikae chumbani kwako.

Ukikuta kichupa hicho kwenye begi lake, kichukue bila kumpiga. Amonia haimo kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa michezoni, kwa hiyo huenda kwake si kosa. Mweleze inavyofanya kazi. Kama ana pumu usisubiri kikao, kiondoe hapohapo, kwa sababu mvuke huo unaweza kumbana kifua akiwa katikati ya uwanja, na mara nyingi kipulizio chake kimebaki nyumbani.